Maniema Kusini: kutoka diski ya gramofoni mpaka kadi ya simu, aliyetengeneza mashine ndiye aliyechagua nyimbo

Jamaa ikikimbia usiku kutoka Kabambare kuelekea Kasongo haibebi mengi. Mama anabeba mtoto mgongoni na sufuria kichwani, baba anabeba mkeka na kifuko cha unga, kijana anabeba simu. Nyumba inaachwa, mbuzi wanaachwa, shamba la mihogo linaachwa. Simu haiachwi. Ndani yake kuna kadi ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, ile watu wengi wanaiita karte memwari. Humo kuna rumba ya zamani, kaswida, nyimbo za kwaya, picha za harusi, na mara nyingine sauti ya babu ambaye amekwisha kufariki.

Kadi hiyo haikununuliwa ikiwa na nyimbo ndani. Iliuzwa tupu. Kijana wa sokoni mwenye kompyuta na paneli ya jua ndiye aliyeijaza kwa franka chache, na mambo ya jamaa yaliingizwa na wenyewe kwa simu yao. Jambo hilo linaonekana la kawaida leo, lakini halikuwa hivyo tangu zamani. Kwa sehemu kubwa ya miaka mia moja na zaidi, kampuni iliyotengeneza mashine ya kucheza muziki ndiyo iliyoamua pia muziki gani uchezwe. Kuelewa namna mambo yalivyobadilika kunasaidia kujua thamani ya kile ambacho wakimbizi wa ndani wamebeba mfukoni.

Mashine bila wimbo haiuziki

Mwaka wa 1877 Mmarekani Thomas Edison alitengeneza mashine ya kwanza iliyonasa sauti ya mtu na kuirudisha. Baadaye mashine yake ilitumia bomba dogo la nta. Bomba hilo lilikuwa na faida moja kubwa: mwenye mashine aliweza kusikiliza, na aliweza pia kunasa sauti yake mwenyewe nyumbani.

Miaka 10 kisha, mwaka wa 1887, Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, alileta wazo la diski bapa na mashine yake, gramofoni. Diski ilishinda bomba kwa sababu za biashara. Ukiwa na diski moja ya mama unaweza kugandamiza nakala maelfu kiwandani, na nakala zinapangwa vizuri dukani. Lakini mnunuzi wa gramofoni hakuweza kunasa chochote. Kazi yake ilikuwa kununua na kusikiliza. Kunasa sauti kulibaki kwa kampuni.

Hapo ndipo biashara ilipopata sura yake. Mashine bila wimbo ni sanduku tu, hakuna atakayeinunua. Kwa hiyo walioshika uvumbuzi wa Berliner, yaani Gramophone Company ya London, iliyoanzishwa mwaka wa 1898, na Victor ya Marekani, ya mwaka wa 1901, walitengeneza mashine na papo hapo wakatafuta waimbaji. Mwaka wa 1902 mtu wa Gramophone Company, Fred Gaisberg, alimkuta Enrico Caruso mjini Milan, Italia, akamwimbisha nyimbo 10 kwa pauni 100. Zilionekana pesa nyingi mno wakati ule. Lakini sauti ya Caruso iliuza diski, na diski ziliuza gramofoni.

Kila lugha yenye wanunuzi ilipata diski zake

Kampuni hizo zilielewa upesi kwamba Mhindi hatanunua gramofoni ili asikilize Kiitaliano. Zikatuma mafundi nchi nyingi kunasa waimbaji wa huko. Kiswahili kilipata zamu yake mwaka wa 1928, wakati Siti binti Saad wa Zanzibar alipovuka bahari na wapigaji wake mpaka Bombay ili kurekodiwa na kampuni hiyo, chini ya alama ya His Master's Voice, ile ya mbwa anayesikiliza gramofoni. Diski zake ziliuzwa kwa maelfu katika pwani nzima ya Afrika Mashariki. Watu waliokuwa hawana gramofoni walikwenda kusikiliza kwa wenye nazo, na wengine wakajitahidi kununua. Mwanamke aliyezaliwa katika ufukara akawa sababu ya mashine za London kuuzwa Zanzibar.

Kasongo haikuwa mbali sana na ulimwengu ule. Njia ya misafara iliyoleta Kiswahili kutoka pwani mpaka mto Lualaba ilipita Kabambare, na Kasongo yenyewe ilikuwa mji wa Tippu Tip kabla ya kuangukia mikononi mwa jeshi la Leopold II mwaka wa 1893. Lakini katika karne ya 20 mpaka wa wakoloni uligeuza uso wa Maniema. Bidhaa zilianza kufuata mto na reli, na muziki ulifuata bidhaa.

Kwa upande wa Kongo, diski zilizotikisa watu zilitoka mbali zaidi. Mwaka wa 1933 kampuni hiyohiyo ya mbwa, ambayo sasa ilikuwa ndani ya EMI, ilianza kutoa kwa ajili ya Afrika diski zenye herufi GV. Zilikuwa nyimbo za Kuba, na ya kwanza kabisa, GV 1, ilikuwa El Manicero ya bendi ya Don Azpiazú. Nyimbo hizo zilikuwa zimekwisha kurekodiwa kwa ajili ya soko la Amerika. Kuzigandamiza tena kwa ajili ya Afrika kulikuwa gharama ndogo. Lakini vijana wa Léopoldville walisikia ndani yake kitu cha nyumbani, kwa sababu ngoma za Kuba zilikuwa zimebebwa na watumwa waliotoka Afrika, wengi wao kutoka Kongo. Walichukua gitaa, wakaimba kwa Kilingala, na rumba ya Kongo ikazaliwa. Mwezi wa 12 mwaka wa 2021 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa binadamu.

Mwaka wa 1948 mfanyabiashara Mgiriki Nico Jéronimidis alifungua Ngoma mjini Léopoldville, na Wendo Kolosoy akarekodi Marie-Louise akiwa na Henri Bowane. Zikafuata Opika na Loningisa. Wafanyabiashara hao hawakubuni diski, walifuata tu njia iliyochongwa na wenye viwanda wa Ulaya. Studio zilikuwa Léopoldville, na lugha iliyouza ilikuwa Kilingala. Katika Katanga, mwaka wa 1952, Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean-Bosco mjini Jadotville, leo Likasi, na gitaa la Masanga likajulikana mpaka Ulaya. Bosco aliimba kwa Kiswahili kinachoeleweka Kasongo bila mkalimani.

Maniema Kusini haikuwa na studio ya kampuni, wala kiwanda. Ilikuwa sikio. Ilisikiliza Kuba, ikasikiliza Kinshasa, ikasikiliza Katanga. Mzee mpiga likembe wa Wabangubangu au mwimbaji wa Wazimba aliimba arusini na matangani, na siku alipokufa nyimbo zake zilibaki katika vichwa vya waliomsikia. Haikuwa kwamba nyimbo zake zilikuwa mbaya. Kampuni zilinasa pale palipokuwa na wanunuzi wa mashine, na mkulima wa mpunga au pamba wa Kabambare hakuhesabiwa kuwa mnunuzi.

Kaseti ilipotoroka mikononi mwa waliyoitengeneza

Badiliko kubwa lilitoka Ubelgiji, nchi iliyokuwa imetawala Kongo mpaka miaka mitatu kabla. Philips, kampuni ya Uholanzi iliyoanza mwaka wa 1891 kwa kutengeneza taa, ilikuwa na kiwanda mjini Hasselt. Huko timu ya fundi Lou Ottens ilitengeneza kaseti ndogo. Inasimuliwa kwamba Ottens alichonga kipande cha mbao kinachoingia katika mfuko wa koti, akawaambia wenzake kwamba mashine isizidi ukubwa huo. Ilionyeshwa mjini Berlin mwezi wa 8 mwaka wa 1963.

Philips haikuwa mtengenezaji wa mashine tu. Ilikuwa na kampuni yake ya diski, na pamoja na Siemens ya Ujerumani ilikuwa mwenye kundi lililochukua jina la PolyGram mwaka wa 1972. Kwa hiyo ilifanya kama Gramophone Company ilivyofanya: ilitengeneza kaseti, ikatengeneza redio-kaseti, kisha ikauza kaseti zenye nyimbo za wanamuziki wake. PolyGram ilifika mpaka Nairobi, ambako ilikuwa na kiwanda cha kugandamiza diski.

Nairobi ya miaka ya 1970 ilijaa wanamuziki kutoka Kongo waliofuata studio na viwanda. Miongoni mwao walikuwamo Baba Gaston, Les Mangelepa, na Super Mazembe, walioanzia upande wa Lubumbashi wakapita Zambia. Super Mazembe ndio walioimba Kasongo. Watu wa Kasongo wanapousikia wimbo huo wanacheka, maana unamwita mume aliyepotea, hauuiti mji. Mwaka wa 2024 vijana wa Kenya waliurudisha kwenye simu zao kwa utani wa siasa, karibu miaka 50 baada ya kurekodiwa.

Lakini kaseti ilikuwa na jambo ambalo diski haikuwa nalo. Mashine ya Philips ya mwaka wa 1963 ilikuwa na kitufe cha kurekodi. Kile ambacho diski ilikuwa imemnyang'anya mnunuzi, kaseti ilimrudishia. Na Philips, ikihofia kwamba wengine wataleta kaseti za aina yao na soko ligawanyike, ilikubali baada ya mazungumzo na Sony ya Japani kuruhusu viwanda vingine vitengeneze kaseti ya aina hiyohiyo bila kulipa. Kaseti tupu zikamwagika dunia nzima kwa bei ndogo.

Matokeo yalikuwa mawili. La kwanza liliwaumiza wenye muziki. Mtu mmoja alinunua kaseti, wenzake wakainakili, na wauzaji wa sokoni wakauza nakala bila mtunzi kupata hata likuta moja. Mwaka wa 1981 kampuni za Uingereza zilianzisha kampeni zikilia kwamba kunakili nyumbani kunaua muziki. Miongoni mwa waliolia walikuwamo watu wa kundi la Philips, ilhali kaseti yenyewe ilizaliwa na Philips. Mkono mmoja uliuza chombo cha kunakili, mkono wa pili ulilia kwa sababu ya nakala.

La pili liliwafaa watu wa kawaida. Redio-kaseti inayotumia pile ilifika vijijini ambako umeme haujafika mpaka leo. Harusi ilirekodiwa, mawaidha yakarekodiwa, kwaya ikajirekodi yenyewe. Mtu aliyekwenda kutafuta kazi mbali alituma salamu za sauti ndani ya kaseti, mama asiyejua kusoma akasikia mtoto wake akisema. Kwa mara ya kwanza Maniema Kusini ilikuwa na mdomo ndani ya mashine.

Kaseti nyingi za aina hiyo hazipo tena. Vita vya 1996 na vya 1998 vilipopita, watu walikimbilia porini, na aliyerudi alikuta nyumba imevunjwa au imechomwa. Zile zilizopona zilikutana na maji, panya na ukungu.

Sony yajifunza kwa hasara

Wakati huo huko Japani Sony ilikuwa inajifunza somo la Caruso kwa njia ngumu. Mwaka wa 1975 ilileta Betamax, kaseti ya video. Mwaka uliofuata JVC ilileta VHS. Wengi walisema picha ya Betamax ni nzuri zaidi, lakini VHS ilichukua muda mrefu zaidi katika kaseti moja, ilitengenezwa na viwanda vingi, na filamu zikajaa upande wake. Betamax ilishindwa.

Sony haikusahau. Ilipoleta diski ya CD pamoja na Philips mwaka wa 1982, nyimbo zilikuwa tayari. CD za kwanza zilitoka katika kiwanda cha PolyGram karibu na Hannover, Ujerumani, na huko Japani albamu ya Billy Joel iliuzwa na CBS/Sony siku ileile mashine ilipotoka. Kisha Sony ikanunua kabisa CBS Records mwaka wa 1988 kwa dola bilioni 2, na mwaka wa 1989 ikanunua Columbia Pictures ya filamu. Kwa miaka mingi CD ilikuwa kama diski ya Berliner: nzuri kwa kusikiliza, lakini mnunuzi hakuweza kuandika kitu juu yake. Ilipoingia CD na DVD za kunakiliwa kwa kompyuta, kinga hiyo nayo ilivunjika. Philips iliuza PolyGram mwaka wa 1998.

Kadi iliyouzwa tupu

Kadi ndogo ya simu ina wazazi wake pia. Mwaka wa 1999 SanDisk ya Marekani, Panasonic na Toshiba za Japani zilitangaza kadi ya SD, na miaka michache baadaye SanDisk ikaleta ile ndogo kabisa, microSD. Nayo ilijaribu njia ya wazee wake. Mwaka wa 2008 ilikubaliana na kampuni nne kubwa za muziki, EMI, Sony BMG, Universal na Warner, ikatoa slotMusic: albamu nzima juu ya kadi ya microSD, ikiuzwa katika maduka makubwa ya Marekani kama CD.

Biashara hiyo haikudumu. Watu walikuwa na kadi zao tayari, na walipenda kuzijaza wenyewe. Kadi ileile iliyoshindikana Marekani kama diski mpya ndiyo iliyokuja kuwa maktaba ya muziki ya Afrika, kuanzia jangwa la Sahara mpaka masoko ya Kasongo, Wamaza na Salamabila. Mwaka wa 2011 Mmarekani Christopher Kirkley alitoa diski ya nyimbo alizozikusanya kutoka kadi za simu huko kaskazini mwa Mali, akiiita Music from Saharan Cellphones. Nyimbo hizo hazikuwa zimepita katika kampuni kubwa. Zilikuwa zimetoka simu hadi simu, na ilibidi kuwatafuta wenyewe baadaye ili wapate haki yao.

Katika Maniema Kusini hali ni hiyohiyo. Kijana anayejaza kadi sokoni ndiye mchapishaji, ndiye duka, ndiye maktaba. Hakuna kampuni inayomchagulia. Anaweka Franco na Tabu Ley kwa wazee, nyimbo mpya za Kinshasa na za Tanzania kwa vijana, kwaya na kaswida kwa waumini, na akipata wimbo wa kijana wa mtaa anauweka pia. Lakini mtunzi wa mtaa huo hana njia ya kuhesabu nakala wala ya kulipwa. Na siku kompyuta ya kijana huyo ikiibiwa au ikiharibika, hakuna mahali pengine nyimbo hizo zimewekwa.

Kinachoweza kupotea

Kwa jamaa zilizohama makwao jambo hili si la anasa. Mapigano ya miaka ya karibuni katika eneo la Salamabila na vijiji vingine vya teritwari ya Kabambare yametawanya watu. Wengine wako Kasongo, wengine upande wa Kalemie au wa Fizi. Watoto wanakua mbali na kijiji, katika lugha nyingine. Nyimbo za jando, za kuomboleza, za kutwanga, majina ya mababu na ya mito, yote hayo hayakuwahi kuwekwa juu ya diski ya EMI wala kaseti ya Philips. Kama hayamo vichwani mwa wazee waliobaki, hayamo popote.

Wazee hao nao wanachoka na safari. Kadi pia hufa. Inapotea na simu iliyouzwa ili kununua dawa, inafutwa kwa kosa, na zile za bei ya chini zinazoandikwa ukubwa ambao hazina huharibu kilichomo. Hata hivyo, kati ya vyombo vyote vilivyofika Maniema Kusini tangu gramofoni, hiki ndicho cha kwanza ambacho jamaa nyingi zinacho na kinachoweza kurekodi bila kumwomba mtu ruhusa.

Wenye kufanya kazi ya kuhifadhi sauti wana desturi chache ambazo hazihitaji pesa. Mwanzoni mwa kurekodi, anayesimulia anasema jina lake, kijiji alikotoka, na tarehe. Wimbo hauachwi peke yake, unafuatwa na maelezo ya lini huimbwa na maana yake. Kisha nakala inawekwa katika simu ya pili, ya ndugu anayekaa mji mwingine, ili jamaa moja ikikimbia tena isikimbie na nakala ya pekee. Na redio za mtaa, ambazo tayari zina mashine na mafundi, zinaweza kupokea nakala ya tatu, kwa ruhusa ya wenyewe.

Gramophone Company ilimwendea Caruso, Siti binti Saad akasafiri mpaka Bombay, wanamuziki wa Kongo wakafuata viwanda Nairobi. Bibi wa Kabambare anayelala leo katika nyumba ya kupangishwa mjini Kasongo hahitaji kusafiri. Mjukuu wake amekaa karibu naye na simu mkononi, na katika kadi bado kuna nafasi.